Usimtafute Mtu Siku ya Shida: Niliyowaambia Wanafunzi wa Uhusiano wa Umma, Tabora

Nilialikwa mjini Tabora kuzungumza na vijana wanaosomea uhusiano wa umma. Baadhi yao hawakufika: wengine wako fildi, wengine nauli haikutosha. Wameomba niwaandikie, nami nimeandika kama nilivyosema. Picha zilizooneshwa ukutani nimeziacha.

Mwangaluka!

Naona wa Nzega na Urambo mmewahi kuitika. Wengine salamu hii ya Kinyamwezi mtafundishwa na wenzenu kabla ya chakula cha mchana.

Walimu wangu, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo?

Mimi nimezaliwa hapa hapa, Isevya. Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Kwetu hatukuwa na saa ya ukutani. Saa yetu ilikuwa honi ya treni. Na mnaujua mji huu ulivyo. Hapa ndipo reli inapogawanyika. Njia moja inakwenda Kigoma, ilifika ziwani mwaka 1914. Nyingine inakwenda Mwanza, ilikamilika mwaka 1928. Wa Mpanda wanasindikizana na wa Kigoma mpaka Kaliua, pale wanaagana. Mtoto wa mji wa namna hii anakua akiona kila siku watu asiowajua wakishuka, wakinunua asali na karanga, wakapanda tena na kwenda zao.

Nianze na jambo moja la nyumbani. Dada yangu mkubwa alikuwa anasoma Morogoro, shule ya bweni. Akaugua, akalazwa. Nyumbani hatukuwa na simu. Baba alipopata habari alikwenda stesheni, akaomba ujumbe upitishwe kwa simu ya reli. Jioni ile ile, mtu mmoja wa reli wa Morogoro alikuwa ameketi pembeni ya kitanda cha dada yangu, ana chupa ya uji uliopikwa na mkewe. Baba alifika siku ya tatu. Yule bwana alikuwa amekwenda hospitali kila siku.

Sasa niwaulize. Mtu yule alikuwa nani kwa baba? Ndugu? Hapana. Rafiki wa kunywa naye chai? Hapana. Walikuwa wameonana mara mbili tu. Mara ya kwanza yule bwana alipita Tabora usiku, mkoba wake ukapotea kwenye behewa, baba akautafuta, akaupata, akamtumia kwa treni iliyofuata. Basi. Mkoba mmoja.

Nimefanya kazi ya uhusiano miaka mingi, na kila ninapoulizwa kazi yenyewe ni nini, ninaukumbuka mkoba ule.

Najua mnavyosema mitaani. Mnasema, "Dada, bila koneksheni hupati kitu." Mnasema hivyo au hamsemi? Mnasema. Wala siwalaumu. Mmeona watu wakibebwa. Mmeona nafasi ikitangazwa huku mwenye nafasi keshajulikana. Jambo hilo lipo, linaumiza, na mimi nalichukia kama ninyi mnavyolichukia.

Lakini nawaomba mtenganishe mambo mawili. Kubebwa ni mtu kukupa kisicho chako. Kufahamiana ni mtu kukuamini kwa kitu alichokuona ukikifanya. Kazi za Serikali leo zinatangazwa na Sekretarieti ya Ajira, unaomba kwenye mfumo wao, unaitwa usaili, unakaa mbele ya watu wasiokujua. Hapo mjomba hana kiti. Lakini nani alikwambia kwamba tangazo limetoka, wakati wewe ulikuwa Kaliua huna bando? Nani alikueleza usaili wa kuandika unataka nini? Wadhamini unaowaandika kwenye wasifu wako ni akina nani, na wakipigiwa simu watasema nini juu yako? Hapo ndipo kufahamiana kunapofanya kazi yake, na hakuna haki ya mtu inayoliwa.

Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha matokeo ya utafiti alioufanya Newton, mji wa jimbo la Massachusetts. Aliwatafuta wataalamu, mafundi na mameneja waliopata kazi kwa kuambiwa na mtu. Akawauliza: huyo aliyekwambia, wakati ule mlikuwa mnaonana mara ngapi? Mnadhani wengi walisema nini? Kwamba ni rafiki wa kila siku? Waliosema wanaonana mara kwa mara walikuwa asilimia 16.7 tu. Waliosema wanaonana mara mojamoja walikuwa asilimia 55.6. Waliosema mara chache sana, pengine mara moja kwa mwaka, walikuwa asilimia 27.8.

Sababu yake iko wazi ukiitafakari. Rafiki yako wa chumba anajua unachokijua wewe. Mnasoma darasa moja, mko kundi moja la WhatsApp, mnasikia tangazo moja. Habari mpya inaletwa na mtu wa mbali kidogo: yule mliyekutana naye fildi, mtangazaji uliyempelekea taarifa ya mahafali, mwalimu wa sekondari aliyehamia Dodoma.

Na wazee wetu wa Unyamwezi walilijua hili kabla ya vyuo vikuu. Fikirini mpagazi wa karne ya 19. Ametoka hapa, enzi hizo Kazeh, ana mzigo wa kilo 30 hivi begani, anakwenda Bagamoyo, miezi miwili au mitatu njiani. Anapita kwa Wagogo, anafika kwa Wazaramo. Hana ndugu huko. Akiugua? Akifa? Nani atamzika? Ndipo utani ulipopata nguvu. Mtani wako unaweza kumtania, kumnyang'anya chakula mkononi, naye hakasiriki. Lakini mtani huyo huyo ndiye anayekupa pa kulala, na ukifiwa ndiye anayeshika jembe makaburini. Watu wetu walitembea na mtandao wao vichwani, kabila kwa kabila, kutoka bara mpaka pwani. Nawasihi msiuone utani kuwa ni vichekesho vya msibani. Ulikuwa ni mfumo wa kuaminiana na wageni, na uliwekwa kabla ya shida kufika.

Kabla ya shida kufika. Hilo ndilo nililopanda treni kuja kuwaambia.

Sasa tuje kwenye simu zenu, maana naziona hapo mikononi.

Kila wiki napokea ujumbe kutoka kwa wanafunzi. Mwingine anaandika "Mambo." Ninajibu, "Poa, nani mwenzangu?" Kimya. Baada ya siku mbili: "Dada naomba kazi." Wadogo zangu! Mtu huyo nina hakika ana adabu nyumbani kwao. Akifika mlangoni kwangu angebisha hodi, angesalimia, angejitambulisha, angesubiri aambiwe karibu. Kwa nini adabu hiyo iishie mlangoni?

Mwaka juzi kijana mmoja aliniandikia hivi, na nimemwomba ruhusa niwasomee: "Shikamoo dada. Nasoma mwaka wa pili, uhusiano wa umma. Nilikusikia redioni ukieleza jinsi ya kujibu malalamiko ya wateja, ukasema barua ya kwanza isiwe na maneno zaidi ya mia moja. Nimejaribu kuandika moja ya maneno 94 kuhusu tatizo la umeme bwenini. Ukipata dakika tano, naomba uniambie imekosea wapi. Usipopata nafasi naelewa, ahsante kwa kipindi." Hakuomba kazi. Ameniambia yeye ni nani, amenipata wapi, amejifunza nini, na anaomba kitu kidogo ninachoweza kutoa nikiwa kwenye foleni ya benki. Nilimjibu usiku ule ule. Barua yake ilikuwa na makosa mawili. Wiki iliyofuata akaileta imesahihishwa. Nilipoulizwa na ofisi moja kama namjua kijana wa kusaidia kuandika jarida lao kwa miezi mitatu, mnadhani jina gani lilinijia?

Jambo jingine dogo, ila lina uzito wake: rudi kushukuru. Ukielekezwa mahali ukafanikiwa, mwambie aliyekuelekeza. Ukikosa, mwambie pia. Watu wengi humtafuta mtu mara moja tu, siku ya shida, na mtu huyo huhisi amegeuzwa kisima.

Na vyama vya fani vipo. Ipo PRST, chama cha wana uhusiano wa umma Tanzania. Kwa maafisa habari wa Serikali ipo TAGCO. Ulizeni taratibu zao, fuatilieni mijadala yao. Sitakaa sana hapo, walimu wenu watawaelekeza.

Turudi kwenye mitandao ya kijamii, kwa sababu wengi mnadhani kazi ni kuwa na wafuasi. Mnaniuliza, "Dada, nifikishe wafuasi wangapi?" Nami nawauliza: wakufuate kwa sababu gani?

Mama yangu bado anaishi hapa mjini, na mimi nimo kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wake. Siku moja maji yalikatika. Mnajua kundi linavyokuwa maji yakikatika. Matusi, uvumi, mmoja anasema mitambo imeharibika mwezi mzima, mwingine anasema maji yana sumu. Katikati ya kelele zile akaandika binti mmoja, mwanafunzi, nilikuwa simjui. Aliandika: "Nimetoka kwa mtendaji wa kata saa nne hii. Bomba kubwa limepasuka, mafundi wako kazini. Wanatarajia maji yarudi kesho jioni. Habari ya sumu nimeuliza, amesema hana taarifa hiyo. Nitauliza tena saa kumi." Mistari minne. Lakini sikilizeni kilichonishangaza. Saa kumi alirudi! Akaandika, "Nimeuliza tena, hakuna kilichobadilika, bado ni kesho jioni." Hakuwa na jipya la kusema, ila aliahidi saa kumi, akaja saa kumi.

Kundi likatulia. Watu zaidi ya mia mbili walitulizwa na binti asiye na cheo, asiye na ukurasa maarufu, aliyetembea kwa miguu mpaka ofisi ya kata. Nilimtafuta faraghani siku ile ile. Alifanya fildi ofisini kwetu, na leo yuko kazini mkoa mwingine. Sikumbeba. Nilimwona.

Kwa upande wa pili, niliwahi kumpokea kijana mwenye matokeo mazuri kuliko wenzake wote. Wiki ya pili akapiga picha orodha ya wateja wetu, majina na namba za simu, akaiweka kwenye stetasi yake na maneno ya kujigamba kwamba ana kazi nyingi. Hakuwa na nia mbaya. Lakini mmoja wa watu wale, mama mmoja, alikuwa anafichwa na familia kwa sababu za usalama, na namba yake ikawa imetoka. Tuliifuta baada ya saa moja. Skrinshoti zilikuwa zimeshapigwa. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo inamgusa pia anayesambaza habari za uongo. Zisomeni zote mbili kabla ya kushika ukurasa wa taasisi yoyote. Msizisome kwa ajili ya mtihani. Someni mkimfikiria yule mama ambaye namba yake ilitoka.

Mkiniuliza mfanye nini na simu zenu kuanzia Jumatatu, nitasema: tafuta kitu kimoja cha kweli hapa Tabora kinachohitaji mtu wa kukieleza, ukieleze. Mkoa huu una vyama vya msingi vya wakulima wa tumbaku. Una wafugaji nyuki kuanzia Sikonge mpaka Uyui. Una vikundi vya akina mama, kuna saccos, kuna shule zinazofaulisha na hakuna anayejua. Wangapi kati yao wana mtu wa kuwaandikia taarifa ya habari ya ukurasa mmoja? Nenda, jitolee, andika, peleka redioni. Redio bado inafika kusikofika bando, msiidharau. Kisha kazi ile iweke LinkedIn, iweke kwenye ukurasa wako, yenye tarehe na picha uliyoombea ruhusa. Siku ya usaili wenzako watasema "ninaweza". Wewe utafungua simu uoneshe.

Na andikeni Kiswahili sawasawa. Nasoma maombi ya kazi yenye "ela" badala ya "hela" na "uwo" badala ya "huo", kutoka kwa mtu anayetaka kuwa msemaji wa taasisi. Lugha ndiyo jembe lenu. Mkulima hawezi kwenda shamba na jembe lisilo na mpini.

Sasa jambo la mwisho, nalo ni zito kwangu, mniruhusu nilieleze taratibu.

Nilipokuwa bado mgeni kwenye fani, nilifanya kazi kwenye taasisi moja iliyokuwa inawalipa wakulima na wafugaji nyuki. Sitaitaja. Siku ya malipo, saa tatu asubuhi, mfumo ukaanguka. Fedha zilikuwepo, salama kabisa, ila hazitoki. Niliandika taarifa ya mistari minne. Mkubwa wangu akasema, "Tusubiri mafundi wamalize, ndipo tuseme." Nami nikaikunja ile karatasi, nikaiweka kwenye droo.

Nikanyamaza.

Saa nane mchana ikaanza kuzunguka sauti ya WhatsApp ya mtu asiyejulikana: "Hela zimeliwa, jamani, wahini." Kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi, foleni ilikuwa imezunguka jengo. Mbele kabisa alikuwepo mzee kutoka Sikonge. Kilometa kama 70, amekuja usiku kwa pikipiki. Ili apate nauli alikuwa ameuza madumu mawili ya asali kwa bei ya kutupa. Alinitazama, hakupandisha sauti, akaniuliza: "Mwanangu, mlishindwa hata kutuambia tusije?"

Nina miaka mingi tangu siku ile, na swali lile sijalijibu bado. Tulikuwa na namba zake. Tulikuwa na redio. Tulikuwa na karatasi imeandikwa tayari.

Zaidi ya karne moja kabla ya siku hiyo kulikuwa na ajali ya treni huko Marekani. Tarehe 28 Oktoba 1906, Atlantic City, mabehewa yaliacha reli darajani yakatumbukia majini, watu zaidi ya 50 wakafa. Desturi ya kampuni za reli wakati ule ilikuwa kuficha: funga eneo, fukuza waandishi. Ivy Lee, aliyekuwa anaishauri kampuni ya Pennsylvania Railroad, akafanya kinyume. Akawaita waandishi waende kwenye eneo la ajali, akatoa taarifa ya maandishi ya yale yaliyojulikana. Gazeti la New York Times liliichapisha kama ilivyo. Wengi wanaihesabu taarifa ile kuwa ya kwanza kwa vyombo vya habari.

Walimu wenu watawafundisha jina hilo, ila hadithi haiishii hapo. Mwaka 1914, baada ya mauaji ya wafanyakazi wa migodi na familia zao huko Ludlow, Colorado, Ivy Lee huyo huyo aliajiriwa na familia ya Rockefeller. Taarifa alizotoa zilikuwa na takwimu zisizo sahihi, zikiwaonesha viongozi wa wafanyakazi kama watu wanaolipwa kupita kiasi. Lawama zile zilimfuata maisha yake yote. Mtu yule yule, kalamu ile ile. Alichokijenga kwenye daraja la Atlantic City alikibomoa mwenyewe miaka minane baadaye. Mnapomsoma, someni nusu zote mbili.

Baada ya siku ile ya foleni nilijiwekea utaratibu, na hadi leo naufuata. Jambo likitokea, taarifa ya kwanza inasema kilichotokea, tunachokijua, tusichokijua bado, watu wafanye nini sasa, na saa ngapi tutarudi kusema tena. Na saa hiyo ikifika turudi, hata kama hatuna jipya. Binti wa kundi la mtaa alilijua hili bila kufundishwa na mtu. Mimi lilinigharimu asali ya mzee wa watu.

Niliomba namba ya mzee yule. Jumapili iliyofuata nilimpigia, nikamwomba radhi, mimi kama mimi. Akasema, "Basi, mwanangu, nimesikia." Mwezi uliofuata nikampigia tena kumjulia hali. Kisha tena. Baadaye akaanza kunipigia yeye: huku kuna maneno yanazunguka juu yenu, ni kweli? Nikimjibu, anakwenda kuwaeleza wenzake mnadani, na wanamwamini kuliko wanavyoiamini barua yenye mhuri. Kupitia yeye nimewajua viongozi wa wafugaji nyuki wa vijiji ambavyo hata gari letu halifiki.

Jana niliposhuka stesheni, kijana wake alikuwa ananisubiri na dumu la lita tano. Asali ya nyuki wadogo, ya msimu huu. Liko pale mezani, karibu na mlango, na vijiko nimeleta. Treni yangu ni ya usiku, kwa hiyo nipo. Mwenye swali aje nalo. Ila kabla ya swali, uniambie jina lako na kwenu ni wapi.